SOMO LA HISTORIA: MADIRISHA YA MWEZI

Leo tutasoma habari za mafundi wa Sana'a, mji wa kale katika nchi ya Yemen, na madirisha yao ya jasi na vioo vya rangi.

Mji huo uko milimani, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi huwa kali. Nyumba zake ni ndefu kama minara, na nyingi zina orofa tano au sita. Wenyeji walitaka kufunga mbao za madirisha ili wazuie baridi. Lakini dirisha likifungwa, chumba huwa giza. Je, wafanye nini? Juu ya dirisha la kufungua waliweka dirisha la pili, lenye umbo la nusu duara, lisilofunguliwa kamwe. Hilo ndilo lililoleta mwanga ndani.

Zamani walilitia kipande chembamba cha jiwe la alabasta. Jiwe hilo hupitisha mwanga mpole, kama wa mbalamwezi. Ndiyo sababu dirisha hili huitwa kamariya, kwa kuwa mwezi kwa Kiarabu ni kamar. Baadaye vioo vya rangi vililetwa kutoka ng'ambo, na mafundi wengi wakaanza kuvitumia badala ya jiwe. Jina halikubadilika.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kwanza mawe ya jasi huchomwa, na moto huondoa maji yaliyomo ndani yake. Kisha hupondwa na unga wake huchekechwa. Unga ukitiwa maji, huganda upesi na kuwa mgumu tena. Fundi humwaga uji huo juu ya ubao, huusawazisha, kisha huchora maua na nyota kwa rula na bikari. Halafu huanza kukata kwa kisu. Akikata mapema mno, jasi huporomoka. Akichelewa, huvunjika. Hatazami saa, huigusa jasi kwa kidole, akajua. Jasi ikisha kukauka, hupanga vipande vya kioo upande wa nyuma na kuvishika kwa jasi nyepesi.

Elimu hiyo ya kidole haimo kitabuni. Kijana huipata kwa kukaa miaka karibu na fundi wake.

Mwaka 1986 Shirika la UNESCO liliutia mji wa kale wa Sana'a katika orodha ya urithi wa dunia. Vita vilipokuja, mwezi wa Juni 2015, nyumba za mji huo zilibomolewa na watu waliuawa. Mwaka huo huo mji ukaandikwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Tangu mwaka 2018, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, vijana wa Yemen walilipwa ujira kutengeneza nyumba za kale, na hivyo wakajifunza kazi. Kioo kilichovunjika huweza kununuliwa kingine. Fundi akifa bila mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa naye.

Kazi ya nyumbani: Mwendee fundi mzee wa kijijini kwako, awe mfinyanzi, mhunzi au mwashi. Mwulize hujuaje kwamba wakati umefika. Andika jibu lake kwa sentensi tano, ulisome darasani wiki ijayo. Huenda likawa halijaandikwa na mtu yeyote kabla yako.

Kwaherini.