Siku Moja Iliyotawanyika: Sanduku la Ornette Coleman

Tarehe 22 Mei 1959, wanamuziki wanne waliingia studio ya Radio Recorders, Hollywood, wakarekodi tuni nane. Sita zilitoka mwaka huohuo katika santuri ya The Shape of Jazz to Come. "Just for You" ilingoja hadi 1970, na "Monk and the Nun" hadi 1971. Kazi ya siku moja ikawafikia wasikilizaji kwa mafungu, kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1993 kampuni ya Rhino iliyaunganisha mafungu hayo. Beauty Is a Rare Thing ni sanduku la CD sita lenye rekodi ambazo Ornette Coleman aliifanyia kampuni ya rekodi ya Atlantic kuanzia Mei 1959 hadi Machi 1961, zikiwa zimepangwa kwa tarehe ya kurekodiwa. Mpangilio huo ndio thamani yake kubwa.

Coleman, mzaliwa wa Fort Worth, Texas, alipuliza saksafoni ya plastiki. Don Cherry alishika koneti, Charlie Haden besi, Billy Higgins drams. Piano haikuwepo. Katika jazi ya wakati ule, mpiga solo alifuata njia iliyokwishachorwa na mapatano ya sauti, na kwa kawaida piano ndiyo iliyoilinda njia hiyo. Coleman aliifuta njia hiyo. Tuni ikishatajwa, mpigaji alikwenda ilikomwita, na Haden alimfuata kwa sikio tu. Sikiliza "Lonely Woman", mojawapo ya zile sita: drams zinakimbia, pembe mbili zinaomboleza polepole juu yake, na besi inazishikanisha mbio mbili zisizolingana.

Novemba 1959 kundi lilianza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, na mji ukagawanyika. Mwongoza okestra Leonard Bernstein alimsifu Coleman. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimshambulia. Waliomkataa walisikia vurugu. Lakini anayezifuata CD hizi siku kwa siku anasikia watu wanaojengeana lugha. Mwaka 1960 Ed Blackwell wa New Orleans akachukua drams, na mdundo wa kwao ukaingia na kukaa. Kufikia 21 Desemba mwaka huo, Coleman aliweza kuketisha kwartet mbili studioni kwa pamoja, moja upande wa kushoto wa stirio na nyingine kulia, zikabuni papo hapo kwa takriban dakika 37. Hiyo ndiyo santuri ya Free Jazz. Ikisikilizwa peke yake hushtua. Ikifuata miezi kumi na tisa ya kazi, inaeleweka kama hatua iliyokuwa ikisubiriwa.

Mwaka 1978 moto uliteketeza ghala la Atlantic huko Long Branch, New Jersey, pamoja na mikanda mingi ambayo haikuwahi kutolewa. Kwa hiyo sanduku hili pia ni akiba iliyonusurika. Nalo linatukumbusha wajibu wa kila mtunza kumbukumbu za muziki: kuokoa mkanda ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuokoa tarehe yake na majina ya waliokuwepo. Bila tarehe, tuni mbili za Mei 1959 zilionekana makombo. Leo zimekaa tena kando ya "Lonely Woman", ndugu waliozaliwa siku moja.