Klabu ya soka ni ya nani, na nani huwajibikia maamuzi yake?

TIMU inapofanya vibaya, kocha ndiye wa kwanza kulaumiwa. Hata hivyo, maamuzi mengi yanayoiangusha klabu hufanywa na watu wasiowahi kuketi kwenye benchi la kiufundi. Gari halikukodishwa kwa wakati, ada ya ligi haikulipwa, au mchezaji aliingizwa uwanjani kabla ya usajili wake kukamilika. Hayo ni makosa ya ofisi.

Katika kaunti ya Taita Taveta, yenye maeneobunge manne ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, jambo hili lina uzito wa pekee. Klabu ya Voi ikipangiwa mechi Mombasa husafiri takriban kilomita 150, na hadi Kilifi au Malindi safari huwa ndefu zaidi. Uamuzi mmoja wa fedha unaweza kuigharimu timu msimu mzima. Mnamo 2019, Sony Sugar, mabingwa wa Kenya wa mwaka wa 2006, walitimuliwa kutoka Ligi Kuu baada ya kukosa kufika uwanjani katika mechi tatu.

AINA ZA UMILIKI

Swali la nani anawajibika hujibiwa kwanza kwa kuuliza klabu ni ya nani. Bandari ya Mombasa ni timu ya Halmashauri ya Bandari nchini (KPA), na Ulinzi Stars ni ya jeshi. Viongozi wa timu za namna hiyo huwajibika kwa shirika linalowateua. Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, na AFC Leopards, iliyoanzishwa 1964, zilijengwa kama klabu za wanachama, ambao ndio huchagua viongozi.

Timu za mitaani na vijijini, zikiwemo za Voi, kwa kawaida hukaribia zaidi aina hii ya pili. Tatizo ni kwamba mara nyingi hazina orodha ya wanachama. Pasipo orodha hiyo, hakuna anayejua nani ana haki ya kupiga kura wala nani anaweza kudai hesabu.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo, iwe ni klabu, chama cha kaunti au shirika la kitaifa. Kila moja sharti liwe na katiba inayotimiza masharti yaliyowekwa na sheria hiyo.

Kabla ya hapo, klabu nyingi zilisajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Sheria hiyo inavitaka vyama kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na kuwasomea wanachama hesabu za fedha zilizoingia na kutoka. Isitoshe, mahakama za Kenya zimeshikilia kuwa chama kilichosajiliwa chini yake hakiwezi kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Wanaoshtakiwa ni viongozi kwa niaba ya wanachama. Mwenyekiti anayetia sahihi mkataba wa kocha bila kujua mshahara utatoka wapi anajiweka hatarini yeye mwenyewe.

MGAWANYO WA KAZI

Katika klabu iliyopangika, mkutano mkuu huchagua viongozi na kupitisha bajeti. Kamati kuu huajiri na kufuta kocha. Katibu hutunza kumbukumbu na barua za ligi, naye mweka hazina hulinda fedha. Kocha huteua kikosi na kuamua mbinu za mchezo. Kamati inayomchagulia kocha wachezaji haina haki ya kumfukuza kwa matokeo ya kikosi ambacho hakukipanga.

Mgogoro mkubwa hutokana na mfadhili au mlezi. Huyu hununua jezi na kulipia usafiri, naye huanza kuamua nani acheze na nani aongoze. Viongozi hufuata msemo wa mwenye nguvu mpishe. Lakini jina lake halimo katika stakabadhi za usajili, na akiondoka, labda baada ya uchaguzi wa kisiasa, madeni hubaki kwa waliotia sahihi. Kinga ni makubaliano ya maandishi yanayotaja msaada wake, muda wake na mipaka ya usemi wake.

MALALAMIKO HUPELEKWA WAPI

Hatua ya kwanza ni ndani ya klabu, kwa kamati na kwa mkutano mkuu. Masuala ya usajili wa klabu huwa ya Msajili, na ya mechi na ligi huwa ya Shirikisho la Soka nchini (FKF) na matawi yake. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo husikiza rufaa, zikiwemo zile za kupinga uamuzi wa Msajili. Serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi viwanja na shughuli za michezo, haina mamlaka ya kuichagulia klabu viongozi.

Njia ya mkato ina gharama. Mnamo Novemba 2021, waziri wa michezo Amina Mohamed alivunja uongozi wa FKF na kuteua kamati ya muda. FIFA iliipiga Kenya marufuku Februari 2022, na ikaiondoa Novemba mwaka huo. Wachezaji na timu zisizohusika na mzozo huo ndizo zilizofungiwa mashindano ya kimataifa.

Kwa mwanachama wa klabu ya Voi au Taveta, uwajibikaji huanza na stakabadhi tatu: orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano na hesabu za mwaka. Ya kwanza huonyesha klabu ni ya nani, ya pili huonyesha nani aliamua, na ya tatu huonyesha uamuzi huo uligharimu kiasi gani. Kiongozi anayekataa kuzitoa anapaswa kuulizwa sababu kabla ya kura kupigwa.