Baraza la Mji: Habari, Ukumbi na Madiwani wa Dar es Salaam

Mwezi Januari 2009 Serikali ya Uganda ilianzisha mikutano ya hadhara ambamo maofisa wa wilaya na wa gombolola walitakiwa waketi mbele ya wananchi, waeleze fedha walizopokea kwa ajili ya barabara, maji, shule na zahanati, waseme jinsi zilivyotumika, kisha wananchi wawaulize maswali. Mikutano hiyo iliwekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, nayo ikapewa jina la Baraza. Katika nchi yenye Lukiiko, na yenye lugha nyingi za kuazima maneno, watungaji wa mpango huo walichagua neno la Kiswahili. Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini neno likishaazimwa yafaa kujua limefanya kazi gani huko lilikotoka. Kwa ajili hiyo twawaalika wasomaji twende pamoja hadi mji mmoja wa pwani, Dar es Salaam, ambako karibu kila neno la Kiswahili linalohusu utawala wa mji lilijaribiwa mitaani kabla ya kuingizwa katika vitabu vyetu vya kufundishia. Isitoshe, huko tutakutana na mtu wa Uganda ambaye wanafunzi wetu hawamsikii mara nyingi.

Baraza kwanza ni kikalio cha mawe au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba. Mwenye nyumba hana haja ya kumwingiza mgeni ndani; mpita njia huketi, akapumzika, akasikia ya mjini, akaeleza ya kwao. Kutokana na kikalio hicho neno likahamia kwenye mazungumzo yenyewe, kisha kwenye mkutano wa wazee, kisha kwenye mkutano wa serikali na raia, hata leo twasema baraza la mawaziri. Mwaka 1939 huko Nairobi lilikuwa jina la gazeti. Neno diwani nalo lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilipita katika Kiarabu likiwa na maana ya daftari na ya ofisi ya kuandikia mambo ya dola. Ndiyo maana leo diwani ni mkusanyo wa mashairi, na pia ni mjumbe wa halmashauri. Pwani ya Mrima, kabla ya ukoloni, madiwani walikuwa watawala wa miji. Mwanafunzi akiuliza kwa nini neno moja lina maana zilizoachana hivyo, mwalimu asimnyamazishe.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaingia mikononi mwa Waingereza. Tawala zote mbili ziliugawa katika sehemu tatu, moja ya Wazungu, moja ya biashara ambayo wengi wake walikuwa Wahindi, na moja ya Waafrika. Wenyeji nao wakazipa majina yao wenyewe, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo ni jina lililotoka katika jeshi la wapagazi wa Waingereza wakati wa vita hiyo, wapagazi ambao kambi yao ilikuwa hapo. Kwa hiyo mtaa ulio mashuhuri kuliko yote mjini umebeba jina la Kiingereza lililotiwa irabu na kufanywa la Kiswahili, na hakuna tena anayelihisi kuwa geni.

Mkazi wa Kariakoo wa miaka ya 1920 alilipa kodi, akafuata amri za afya na za ujenzi, lakini hakuwa na mtu aliyemchagua wa kumsemea mahali amri hizo zilipotungwa. Habari za serikali zilimfikia kwa njia ya watumishi wake, na kuanzia mwaka 1923 kwa gazeti la Mambo Leo lililotolewa na Idara ya Elimu. Hatupendi kulibeza gazeti hilo. Lilisomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, lilichapa mashairi mengi ya wasomaji, na lilikuwa na habari za miji zilizoandikwa na wenyeji wa miji hiyo. Twaweza kusema kwamba lilikuwa shule kubwa ya Kiswahili cha nathari kuliko shule nyingi zenye paa. Lakini mwenye gazeti alikuwa serikali. Msomaji aliweza kuarifu kwamba mvua zimenyesha na kwamba fulani ameoa. Kuuliza kwa nini mtaa wake hauna taa lilikuwa jambo jingine.

Hapo ndipo anapoingia Erica Fiah. Alitoka Uganda, akafika Tanganyika, na katika miaka ya 1930 alikuwa mwenye duka mjini Dar es Salaam. Mwaka 1934 alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akatoa gazeti lake, gazeti la kwanza la Kiswahili katika Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Aliliita Kwetu. Msomaji atafakari kidogo jina hilo. Mtu aliyezaliwa mbali na bahari, ambaye lugha ya mama yake haikuwa Kiswahili, anafungua duka katika mji wa ugenini, anaanzisha gazeti, na neno analolichagua kuliandika juu ya ukurasa wa kwanza ni kwetu. Hakusema kwao, wala kwangu. Kiambishi ku- ni cha mahali, na -etu ni cha watu wengi. Katika silabi mbili mna dai zima la uraia wa mji, miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa Kariakoo kupewa kura. Gazeti lilisema waziwazi juu ya hali za Waafrika, liliwakera wakubwa, na lilidumu zaidi ya miaka kumi ingawa fedha zilikuwa haba. Tunapofundisha viambishi vya mahali, twaona mfano huu wafaa kuliko ile mifano ya meza na kikombe.

Baada ya Vita ya Pili serikali ilianza kuyatazama maisha ya mjini kwa namna nyingine. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilifanywa manispaa yenye meya na madiwani. Mwaka 1951 ilianza redio ndogo iliyoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwanzoni ilisikika mjini na kando yake tu. Redio ya taifa zima ilizaliwa humo, si kinyume chake. Katika miaka hiyohiyo ukajengwa ukumbi wa ustawi wa jamii uliopewa jina la Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mashamba ya mkonge aliyetoa fedha. Nia ya wenye kuujenga ilikuwa kuwapa wakazi wa Uswahilini mahali pa masomo ya watu wazima, michezo na dansi. Wenyeji waliupokea, wakasoma na wakacheza. Kisha wakaongeza shughuli ambayo haikuwa katika ramani ya ujenzi: humo, mwaka 1953, ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na mwaka uliofuata chama hicho kikawa TANU. Ukumbi wa umma ukishafunguliwa, aliyeujenga hana tena neno la mwisho juu ya yatakayosemwa ndani yake.

Mwaka 1960 Shehe Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Walimu wanamfahamu kwa sababu nyingine, yaani kitabu chake cha mwaka 1954 kilichoitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Basi mwenye diwani akawa mkuu wa madiwani. Hatudai kwamba mshairi huzoa taka vizuri kuliko mhasibu. Lakini jambo hili lina uzito: mtu aliyeongoza baraza la mji alikuwa miongoni mwa mabingwa wa lugha ya watu wa mji, na mwenyeji hakuhitaji mkalimani ili amwelewe meya wake. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, manispaa ilipandishwa ikawa jiji. Shehe Amri aliingia serikalini akawa waziri, naye akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana wa miaka arobaini.

Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi. Msomaji wa Uganda atauelewa mpango huo upesi akikumbuka kamati za mitaa zilizoanzishwa kwetu mwaka 1986, ingawa chanzo chake na sheria zake si sawa. Balozi alikuwa jirani. Alijua nani amehamia, nani amefiwa, nani hajalipa; barua yake ilifungua milango ya ofisi; na tangazo la mkutano lilipita kwake. Njia hiyo ya habari ilikuwa fupi na nyepesi. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa ya chama, na habari ziliteremka kwa wepesi kuliko zilivyopanda.

Sasa twafika penye somo gumu. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania, baada ya kushauriwa na wataalamu wa kigeni, iliziondoa halmashauri za wilaya, na muda si mrefu zile za miji zikafuata, pamoja na ya Dar es Salaam. Mpango huo ulijulikana kwa Kiswahili kama Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, tena lilitafsiri vizuri nia iliyotangazwa, kwamba maamuzi yatoke makao makuu yaende karibu na wananchi. Kilichokwenda mikoani, hata hivyo, ni maofisa wa serikali kuu. Mkurugenzi alikuja na ujuzi na mafungu ya fedha. Diwani akaenda nyumbani. Jiji lenye mamia ya maelfu ya watu likatawaliwa kama wilaya za mashambani, na kazi za kila siku ambazo hazina sifa, kama kuzoa taka, kuzibua mifereji, kutia maji dawa na kufukia mashimo ya barabara, zikakosa mwenyewe. Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 likiwa mikononi mwa shirika lake. Jengo lilikuwa la fahari. Lakini mchuuzi aliyekuwa na shauri juu ya mfereji ulio mbele ya soko hilo hakuwa na diwani wa kumpelekea.

Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kilienea nchini. Ugonjwa huo hauna chanzo kimoja, na hatutaki kuutupia lawama yote uamuzi wa kiserikali. Lakini kipindupindu hufuata maji machafu na choo kibovu, na hayo ndiyo mambo ambayo halmashauri ya mji iliwekwa iyatunze. Mwaka 1978 sheria ilitungwa kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili kubwa zaidi, moja ya mamlaka za wilaya na moja ya mamlaka za miji, na kufikia 1984 mfumo mzima ulikuwa umerudi, ukaingizwa pia katika Katiba. Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingeziondoa serikali za mitaa. Viongozi wasemao hivyo wakiwa bado madarakani ni wachache, nasi twamheshimu kwa hilo kuliko kwa hotuba nyingi alizoshangiliwa.

Kurudi si kupona. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, Tume ikashika mahali pake hadi mwaka 2000, ndipo zikasimama manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zikaongezwa baadaye. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa mara nyingine na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hivyo kisheria jina la jiji likabaki kwa Ilala, ilhali mtu wa Temeke ukimwuliza akaa wapi atajibu Dar es Salaam bila kusita. Sheria na ulimi havikutani hapo, na mwalimu anayefundisha neno jiji awe tayari kwa swali hilo.

Chini ya hayo yote uko mtaa. Hapo zamani neno hili lilikuwa la mazungumzo tu, sehemu ya mji wenye majirani. Sheria za Tanzania zimelifanya kuwa ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini, yenye mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi. Katika madarasa yetu twapenda kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika tangazo la mkutano wa mtaa, kwa sababu lataka Kiswahili cha kazi: mahali, saa, mwitaji, na ajenda. Wanafunzi huandika kufungua mkutano, usafi na taka, maji, ulinzi, mapato na matumizi. Kisha huuliza ni kitu gani kile kiitwacho Mengineyo, kinachowekwa mwisho kabla ya kufunga. Twawaeleza kwamba hicho ni kipengele kisicho na kichwa cha habari, na kwamba mara nyingi wenyeji hukaa kimya katika vipengele vyote vya juu wakikisubiri.