Chungu cha Kila Siku na Chungu cha Sherehe: Mapishi katika Ndoa za Mseto, Thika na Ruiru

Ndoa ya mseto, yaani ndoa inayowaunganisha watu waliolelewa katika jamii zenye lugha, mila na vyakula tofauti, ni jambo la kawaida katika Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyokua kwa kupokea vibarua, wafanyakazi wa viwandani na wafanyabiashara kutoka karibu kila pembe ya Kenya. Hata hivyo, namna wanandoa hao walivyozoea mapishi ya wenzao haikuandikwa sana, kwa kuwa kumbukumbu za serikali na za mahakama huhifadhi migogoro ya mahari, ardhi na maziko kuliko habari za jikoni. Mzozo ulioendelea kuanzia Desemba 1986 hadi Mei 1987 kuhusu mwili wa wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefunga ndoa mwaka 1963 na Wambui Waiyaki, Mkikuyu wa Kiambu, ulijaza magazeti kwa miezi mitano, lakini swali lake lilikuwa mahali pa kuzika, wala si kile kilichopikwa katika nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimya huo una sababu. Chakula cha kila siku kilikuwa kimepatanishwa mapema na mgao wa unga mashambani, vyumba vya kupanga na soko, kabla hata ya wanandoa wengi kukutana. Kilichobaki kuamuliwa na kila nyumba ni chakula cha sherehe na cha mwiko, ambacho ndicho kilichobeba ukoo, dini na heshima.

Eneo la mito ya Chania na Thika lilikuwa mpaka kabla ya kuwa mji. Magharibi, kwenye miinuko, Wakikuyu walilima nafaka, kunde, viazi vikuu, nduma na ndizi. Mashariki, kuelekea kilima cha Ol Donyo Sabuk na nyanda za Yatta, waliishi Wakamba. Na nyika ya kusini ilikuwa malisho ya Wamaasai. Jamii hizi zilifanya biashara, zilipigana na zilioana, na wakati wa njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 familia nyingi za Wakamba zilivuka kwenda kwa Wakikuyu kutafuta chakula, nyingine zikiwaacha wanawake na watoto kama rehani, yaani dhamana ya chakula walichopewa, na baadhi ya wanawake hao wakaolewa huko huko. Katika ndoa za namna hiyo mke ndiye aliyejifunza, kwa kuwa aliishi katika boma la mume, karibu na mama mkwe, na alipika mazao ya shamba alilogawiwa humo. Kwa mwanamke wa Kikamba umbali haukuwa mkubwa, kwani isyo ya kwao na githeri ya Wakikuyu zote ni nafaka iliyochemshwa pamoja na kunde. Kwa aliyetoka Umaasaini, ambako maziwa na nyama vilitangulia, jiko la mkulima lilikuwa dunia nyingine. Tofauti hiyo iliwavutia hata wataalamu wa kikoloni, na mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha miili na afya za Wakikuyu na Wamaasai kwa kutazama wanachokula, kana kwamba kila kabila lina chakula chake kisichobadilika.

Wakati utafiti huo unachapishwa, mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza mashambani. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi yakaenea kutoka Ruiru hadi ng'ambo ya mto Thika, yakitumia vibarua kutoka Murang'a, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall, kutoka Machakos, na kutoka Nyanza kwa mikataba ya miezi kadhaa. Mgao wa chakula uliozoeleka kwa kibarua wa mkataba ulikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, yaani karibu kilo moja, na mgao huo ndio ulioitwa posho. Ngima ya Wakikuyu na Wakamba, kuon ya Wajaluo na obusuma ya Waluhya zilikuwa zimezoea kusongwa kwa unga wa mtama, wimbi au mawele, kila moja ikiwa na rangi na ladha yake. Kambini zote zikawa ugali mmoja mweupe, wa unga uliosagwa na kinu kimoja kwa ajili ya watu wote. Zaidi ya hayo, wanaume hao waliishi bila wake zao na walilazimika kujipikia, kazi ambayo nyumbani kwao ilihesabiwa kuwa ya wanawake, kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mapishi ya pamoja katika eneo hili kilikuwa cha wanaume waliojifunza kusonga ugali haraka baada ya kazi.

Chungu hiki cha wanaume wapweke hakikugeuka kuwa chungu cha familia mpaka miaka ya 1950. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliondolewa mijini na mashambani, hasa baada ya Operesheni Anvil, yaani msako mkubwa wa Aprili 1954 jijini Nairobi, na waajiri wakajaza nafasi zao kwa Wakamba, Wajaluo na Waluhya. Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa mfanyakazi Mwafrika uhesabiwe kwa mahitaji ya familia badala ya mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, pendekezo lililofungua njia, ingawa polepole, kwa mke na watoto kuishi mjini. Thika nayo ilikuwa ikigeuka kuwa mji wa viwanda: Kenya Canners, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuingia mikononi mwa Del Monte katika miaka ya 1960, ilihitaji mikono mingi ya kuvuna na kufungasha mananasi, na viwanda vya nguo, vya ngozi na vya makopo vikafuata. Kiwanda kiliwakutanisha vijana wa kiume na wa kike ambao wazazi wao wasingekutana kamwe, na ndoa nyingi za mseto zilianzia hapo.

Wafanyakazi hao walipanga katika vyumba vilivyojengwa kwa safu kuzunguka ua mmoja, ambavyo wakazi huviita ploti, na ua huo ulikuwa shule ya mapishi kuliko nyumba ya mama mkwe. Chumba kilikuwa kidogo, moshi ulikuwa mwingi, na majiko ya makaa yalitolewa nje jioni, kiasi kwamba kila mpishi aliona, alinusa na mara nyingi alionja kilichomo katika sufuria ya jirani. Msichana wa Murang'a aliyeolewa na Mluhya hakuhitaji kusubiri safari ya Kakamega ili aone namna mrenda unavyochemshwa kwa magadi hadi uwe laini na wa kuteleza, wala Mkisii hakuhitaji kufika Gatundu ili ajifunze kuponda mukimo, yaani viazi, mahindi na majani ya maboga vilivyochemshwa na kupondwa pamoja. Ua huo pia ulikuwa na hukumu zake, kwani harufu ya omena zikikaangwa ilikuwa chanzo cha minong'ono, na ugali wa Mkikuyu, ambao Wajaluo na Waluhya waliuona mwepesi, ulichekwa waziwazi.

Gharama ya moto nayo iliamua mengi. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe huhitaji saa kadhaa motoni, na kwa familia inayonunua makaa kwa debe au kwa kopo, chakula hicho cha wakulima wenye kuni kilikuwa kigumu kupikwa kila siku na mwanamke aliyetoka kiwandani jioni. Soko lililimaliza tatizo hilo kwa njia ambayo wanandoa wenyewe hawakuibuni: wanawake wakaanza kuchemsha githeri kwa wingi na kuiuza ikiwa tayari, kwa kikombe au kwa kasuku, yaani kopo la mafuta ya kupikia linalotumika kama kipimo, katika masoko ya Thika na kando ya barabara za Ruiru na Githurai. Mke wa Kijaluo wa mume Mkikuyu aliweza kununua githeri iliyoiva, kuikaanga kwa vitunguu, nyanya na dhania, na kuiandaa baada ya nusu saa bila kujua hesabu ya kuchemsha. Na mke wa Kikuyu alinunua muthokoi, yaani mahindi ya Kikamba yaliyotwangwa hadi ganda litoke, kutoka kwa wachuuzi wa Machakos bila kumiliki kinu. Sukuma wiki, chapati na chai ya maziwa, ambavyo havikuwa urithi wa ukoo wa yeyote kati ya wawili hao, vilijaza siku zilizosalia, na kwa kuwa havikuwa na mwenyewe, havikuwa na wa kushindwa.

Samaki ndiye aliyechelewa zaidi kupata nafasi. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na miiko ya namna hiyo haifutwi na bei peke yake, ingawa serikali ilijaribu mapema kueneza ufugaji wa samaki, kwanza kwa kituo cha Sagana kilichoanzishwa mwaka 1948, na baadaye kwa mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliochimba mabwawa katika maeneo bunge mengi, yakiwemo ya eneo la Kati. Kilichobadilisha majiko ya mjini zaidi ni omena, samaki wadogo waliokaushwa kutoka Ziwa Victoria, waliouzwa kwa gorogoro, yaani kopo la kilo mbili, na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kupelekwa nje ya nchi, kwani vyote viwili vilikuwa kitoweo cha bei nafuu kwa mwenye kipato kidogo. Wake wengi wa Kikuyu walijifunza kuosha omena kwa maji moto, kuwakaanga hadi wakauke na kuwaunga kwa nyanya, wakiwapikia waume na watoto muda mrefu kabla ya wao wenyewe kuthubutu kuonja.

Mboga za kienyeji zilifuata njia iliyo kinyume, kwa kuwa zilishuka hadhi kwanza kisha zikapanda. Managu, saga na mrenda zilionekana mjini kuwa chakula cha mashambani na cha maskini, mpaka miaka ya 1990 watafiti walipoanza kuzitetea kwa sababu za lishe. Miongoni mwao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, katikati ya Thika na Ruiru, ambaye amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mboga za kienyeji, mbegu zake na kilimo chake. Kwa hiyo mboga ambayo mke wa Kiluhya au wa Kijaluo aliipika kwa kuona haya kidogo mbele ya wakwe ilirudi mezani ikiwa na kibali cha wasomi, na wakulima wa Kiambu wenyewe wakaipanda kwa ajili ya soko.

Chakula cha sherehe hakikufuata mkondo huu, kwa sababu hakiliwi kwa ajili ya njaa. Katika ngurario, sherehe ya Kikuyu inayokamilisha ndoa ya kimila, bibi na bwana harusi hukata bega la mbuzi liitwalo kiande mbele ya wazee, na bwana harusi wa kabila lolote anayeoa Kiambu kwa mila hutarajiwa kushika kisu hicho, hata kama kwao ndoa hutimizwa kwa ng'ombe na maneno mengine. Mama aliyejifungua hupelekewa njahi, kunde nyeusi zenye mstari mweupe, na nyanya wa mtoto, anayeitwa cucu, huhesabu ukosefu wa njahi kuwa dharau kwa ukoo. Waluhya nao humwandalia mgeni wa heshima kuku, na firigisi humwendea mwanamume mkubwa wa nyumba, kwa hiyo mke wa Kikuyu anayempa mtoto sehemu hiyo huweza kumfedhehesha mumewe mbele ya ndugu bila kujua. Dini iliongeza mipaka isiyokubali suluhu ya nusu kwa nusu: nyama ya nguruwe, iliyozoeleka Kiambu tangu zama za kiwanda cha nyama hiyo cha Uplands, haiingii katika nyumba ya Mwislamu wa mtaa wa Majengo, wala katika nyumba ya Mkisii Mwadventista wa kanisa lililoanza kazi Nyanza mwaka 1906.

Mzigo wa kujifunza haukugawanywa sawa. Mke alitakiwa kumudu chungu cha mume pamoja na chake, huku mume akisifiwa kwa kukubali kula tu, na umbali kutoka kwa mama mkwe, ambao ulimpa mke uhuru siku za kazi, ulimfanya mgeni asiye na mazoezi kila Desemba familia iliposafiri kwenda nyumbani kwa mume. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha pia kwamba kuzoeana kwa chakula si kinga ya siasa, kwani wanandoa waliokuwa wamekula pamoja kwa miaka waliulizwa na ndugu zao wako upande gani.

Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa kati ya 2009 na 2012, Ruiru imekua kutoka wakazi wapatao 240,000 katika sensa ya 2009 hadi karibu 490,000 katika ile ya 2019, na wapishi wa kukodiwa katika harusi za miji hii sasa hupanga mukimo, pilau, samaki, kuku na mboga za kienyeji katika mstari mmoja, kila mgeni akichagua. Soko limeanza kuingia hata katika sherehe, lakini limeingia kwenye sahani za wageni zaidi kuliko kwenye vitu vinavyothibitisha ndoa: mpishi huweza kubadilisha karibu kila kitu katika orodha yake, ila hakuna mzee wa Kiambu atakayekubali kuku mahali pa kiande, wala mzee wa Kiluhya atakayeridhika firigisi ikikosekana. Anayetaka kupima ni kwa kiasi gani ndoa za mseto zimezibadilisha jamii hizi hana budi kutazama zaidi vitu hivyo vichache visivyouzwa kwa kikombe sokoni, kuliko sufuria ya jioni ambayo ilikwisha kuwa ya watu wote tangu siku za posho.