Mlo wa Mwenye Tezi ya Thairoidi Dhaifu

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo na kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Ikizalisha pungufu, mtu huchoka bila sababu, huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, hukosa choo kwa siku kadhaa na kunenepa ingawa hali zaidi. Tiba yake ya kawaida ni kidonge cha levothairoksini, mara nyingi kwa maisha yote. Hakuna chakula kinachoshika nafasi yake, hata kisifiwe vipi sokoni.

Homoni hizo huundwa kwa madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Samaki wa baharini, mayai na maziwa huwa nayo, lakini kwa watu wa bara tegemeo kubwa ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Ifunikwe vizuri, iwekwe mbali na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Kuizidisha hakuponyi tezi, bali hupandisha shinikizo la damu. Tena, wagonjwa wengi hawana upungufu wa ayodini kabisa: kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi, katika ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto. Hao wakimeza vidonge vya mwani, ambavyo huwa na ayodini nyingi, wanaweza kujizidishia maradhi.

Muhogo una habari ndefu zaidi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Congo, watafiti walikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, imeenea sana kaskazini na ni haba kusini-magharibi, ingawa pande zote mbili zilikosa ayodini. Lililotofautisha pande hizo lilikuwa muhogo. Mihogo michungu isipoandaliwa vizuri hubaki na sayanidi; mwili unapoiondolea sumu huigeuza kuwa thiosayaneti, nayo huizuia ayodini kuingia kwenye tezi. Kwa hiyo mihogo hiyo imenywe, ilowekwe, ikaushwe, na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha. Anayepata ayodini ya kutosha na kuuandaa muhogo hivyo hana haja ya kuususa.

Kabichi na sukuma wiki nazo husingiziwa mno. Zina kemikali zinazoweza kuisumbua tezi, ila moto huzipunguza sana, na sisi kwa kawaida hatuli kabichi mbichi kwa ndoo. Mgonjwa anayefunga choo anazihitaji mboga hizo, pamoja na maharage, matunda na maji.

Kosa ninaloliona zito kuliko kabichi zote ni kumeza kidonge kwa chai ya maziwa. Kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na soya hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, vya kalsiamu na dawa za kiungulia viachane nacho kwa saa nne. Asiyeweza asubuhi anaweza kukimeza usiku, zikiwa zimepita saa tatu tangu ale, mradi ratiba isibadilike kila siku.

Ukibadilishiwa dozi, rudi upimwe damu baada ya wiki sita hadi nane, na mweleze daktari unakunywa nini pamoja na dawa yako.