Zebaki na metali nyingine: zinavyowadhuru samaki wa milango ya mito

Mvua inayonyesha Ruangwa na Nachingwea haiishii shambani. Sehemu ya maji yake huingia katika mito miwili mikubwa ya ukanda huu. Mto Mbwemkuru hupita upande wa kaskazini na kuingia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na mji wa Lindi. Mto Lukuledi hupita kusini na kumwaga maji katika ghuba ya Lindi. Kwa mkazi wa Mandawa bahari iko mbali, lakini samaki mkavu anayemnunua sokoni huenda alikulia pale mto unapokutana na bahari.

Makala haya yanaeleza jinsi metali nzito, kama zebaki, risasi, shaba na kadimiamu, zinavyofika huko na madhara yake kwa samaki.

Metali hutoka wapi?

Kiasi kidogo cha metali kimo katika miamba na udongo kwa asili. Tatizo huanza shughuli za watu zinapokiongeza. Wilayani Ruangwa wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mchimbaji anapotumia zebaki kukamata dhahabu, sehemu ya zebaki hubaki kwenye marudio, na nyingine hupaa kama mvuke inapochomwa. Marudio yakilundikwa karibu na korongo, mvua kubwa huyabeba hadi mtoni.

Mijini, metali hutoka viwandani, kwenye gereji na kwenye betri chakavu. Jijini Dar es Salaam, watafiti wamekuta tope la mikoko ya Msimbazi na Mtoni, yanakofika maji machafu ya jiji, lina metali nyingi kuliko la Mbweni.

Kwa nini mlango wa mto?

Maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, chembe za udongo hushikana, huwa nzito na kuzama. Metali zilizonata kwenye chembe hizo huzama nazo. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji, na tope huongezeka. Metali haiozi kama jani au kinyesi, kwa hiyo iliyozama miaka mingi iliyopita bado inaweza kuwemo.

Tope hilo hilo ndilo malezi ya samaki. Kamba, kaa, mkizi na watoto wa samaki wengi wa baharini hujificha na kulishwa hapo.

Samaki hupatwa na nini?

• Shaba ikizidi huharibu mashavu anayopumulia, na hupunguza uwezo wake wa kunusa. Samaki asiyenusa hapati chakula vizuri wala hamtambui adui mapema.
• Kadimiamu hujilimbikiza kwenye ini na figo.
• Risasi hudhuru neva na damu, na inaweza kupindisha uti wa mgongo.
• Zebaki hudhuru ubongo na uzazi.

Mayai na vifaranga huumia zaidi kuliko samaki wakubwa. Ndiyo maana mvuvi anaweza asione samaki waliokufa wakielea, ila mavuno yakapungua mwaka hadi mwaka.

Zebaki ina hatari ya pekee. Bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili ya zebaki, ambayo huingia mwilini kwa urahisi na kutoka polepole. Mdudu wa topeni huwa nayo kidogo. Samaki mdogo hula wadudu wengi, na samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi. Kila hatua kiasi huongezeka, na binadamu yuko mwisho wa mnyororo huo. Kukausha, kukaanga au kuchemsha samaki hakuondoi zebaki.

Dunia ilijifunza hilo Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa wa neva ulitambuliwa rasmi miongoni mwa familia zilizokula samaki wa hapo. Watoto walizaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tufanye nini?

Haya hayana maana kwamba samaki wa Lindi wana sumu. Samaki ni chakula bora, na kuacha kumla ni hasara. Mama mjamzito na watoto wadogo wapendelee samaki wadogo kama dagaa, na wapunguze samaki wakubwa walao wenzao, kama papa.

Kwa wachimbaji:

• Msioshe dhahabu kwa zebaki mtoni wala kisimani.
• Wekeni marudio mbali na korongo, kwenye shimo lililosakafiwa.
• Msichome zebaki jikoni wala karibu na watoto. Tumieni chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

Ukiona maji yamebadilika rangi au samaki wanakufa kwa wingi, usiwaokote kwa kula. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa uvuvi wa wilaya au NEMC.