Jeraha la ubongo na hasira inayofuata

Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno la Kifaransa «traumatisme» hutumika kwa mambo mawili. Kwa daktari wa upasuaji ni pigo: kichwa kilichogonga lami katika ajali ya pikipiki, au kilichochomwa na kipande cha bomu. Kwa mshauri wa kisaikolojia ni hofu inayobaki moyoni baada ya vita, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji Februari 2025 hofu hiyo haihitaji maelezo. Kiswahili kinaweza kutenganisha: hofu hiyo ni kiwewe, pigo ni jeraha la ubongo. Nasema ubongo, si kichwa, kwa sababu kichwa hupona mbele ya macho ya watu. Nyuzi zikishatolewa na nywele zikafunika kovu, ndugu huona mgonjwa amepona. Miezi michache baadaye akianza kufoka, kulia au kujifungia chumbani, hakuna tena anayekumbuka ajali. Husemwa ni tabia mbaya, ni pombe, au amelogwa.

Lakini fuvu linaweza kubaki zima huku ubongo ukiwa umetikisika ndani yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kuzuia hasira na kupima neno kabla ya kulitamka, imelala juu ya mifupa yenye kingo, na huumia kwa urahisi. Watafiti wa Seattle, Marekani, waliwafuatilia watu wazima 559 waliolazwa kwa majeraha ya ubongo. Katika mwaka wa kwanza asilimia 53 walipata sonona. Ndiyo maana sipendi hali hii iitwe tu ugonjwa wa akili: kwa msikilizaji wa kawaida akili ni werevu, na wengi wa watu hawa bado wanajua hesabu zao na majina ya watoto wao. Tuseme matatizo ya kihisia yatokanayo na jeraha la ubongo. Ni jina refu, lakini linataja kiungo kilichoumia.

Wapo watakaosema kwamba huzuni ya Bukavu ina sababu nyingi: kazi imepotea, nyumba imeporwa, jamaa wamekufa. Ni kweli, na mtu mmoja aweza kuwa na kiwewe na jeraha pamoja. Hiyo ndiyo haja ya kuwa na maneno mawili, maana baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifafa kwa mwenye jeraha la ubongo. Wengine wataogopa kwamba tunamtafutia udhuru mume anayepiga. Hapana, mke ana haki ya kulindwa hata kama chanzo cha ghadhabu kinajulikana, na kukijua kunampa mahali pa kumpeleka mume huyo. Mjini kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo. Mgonjwa afikapo huko, jamaa waanze na habari ya pigo: lini alianguka, alizimia kwa muda gani, na alikuwa mtu wa namna gani kabla ya siku ile.